Magurudumu ya Saa ya Baba

Siku hizi kunyoa si kunyoa. Tulimzika baba mdogo Ambani, na siku ya kunyoa ilipofika wakaja na mkasi. Wanakata kishungi kimoja nyuma ya sikio, basi, wamemaliza. Wasichana wamesuka saluni na hawataki kazi hiyo iharibike kwa sababu ya mzee mmoja. Mimi nilikataa. Nilimwambia mjukuu wangu alete beseni, wembe mpya na sabuni ya kipande, aninyoe zote. Povu likateremka mpaka shingoni, ile harufu ikaniingia puani, na mara moja nikasahau ni nani aliyekufa. Nikadhani ni baba.

"Kukhu, unalia?" mjukuu akauliza.

"Sabuni," nikamwambia. "Nyoa."

Nilipofika nyumbani nilifungua kabati nikatoa mkebe wa kakao, na ndani ya mkebe nikatoa saa ya baba. Ni saa ya mkono, ya zamani, ya kutiwa ufunguo. Kamba yake ilioza zamani. Nikaitia ufunguo kidogo. Ikatembea. Nikahesabu pumzi zangu chache tu, ikasimama. Ndivyo inavyofanya tangu nikiwa mtoto. Mjukuu akanyoosha mkono, akasema hii inatengenezeka, kuna kijana town anatengeneza simu na saa pia. Nikamwambia aiache. Akaniangalia vile watoto wanavyotuangalia sisi, kama watu wanaotunza takataka.

Sasa nitawaambia nyinyi wa rika langu, maana nyinyi hamtahitaji kuelezwa kila kitu. Mimi shule niliiacha mapema, siwezi kupamba maneno. Nitasema vile nilivyoona, na mahali ambapo sikuelewa nitasema sikuelewa. Hapo ni pengi.

Baba yangu alifanya kazi mbali. Alikuja nyumbani Krismasi, na wakati mwingine wa kupanda. Kwa hiyo baba niliyemjua mimi alikuwa vitu vichache: koti zito, kofia ya rangi ya majani makavu ambayo hakuivua hata akila, harufu ya tumbaku, na saa. Kanisani sijui kama aliivua kofia, maana wanaume walikaa upande wao, nasi watoto tulikatazwa kugeuza shingo.

Saa ndiyo ilikuwa yetu sisi wawili. Alikaa mlangoni asubuhi, akachukua kisu kidogo cha jikoni, akakiingiza pembeni mwa mgongo wa saa, kifuniko kikaruka. "Angalia," alisema, "lakini usipumue." Mimi nikaziba mdomo kwa mikono miwili. Ndani kulikuwa na magurudumu ya shaba yenye meno madogo kuliko meno ya panya. Mengine yalikuwa kama yamelala. Lakini gurudumu moja lilikuwa likicheza huku na huku, huku na huku, halichoki.

"Hilo ni nini?" niliuliza kupitia vidole.

"Hiyo ndiyo roho yake."

Mtoto ukimwambia kitu anakichukua hivyo hivyo. Baba alipokufa, na mwalimu wa kanisa akasema roho yake imepumzika, mimi nilishangaa. Ilikuwa kwenye saa, na saa ilikuwa imening'inia kwenye msumari ndani ya nyumba ya mama, nami nilikuwa nimetoka kuisikia. Haikuwa imepumzika hata kidogo. Nilinyamaza kwa sababu watu wakubwa walikuwa wakilia na sikutaka kuwaharibia.

Baada ya mazishi ikaja siku ya kunyoa. Wakati huo ilikuwa kunyoa kweli. Tulipangwa kwenye uwanja, mama kwanza, halafu ndugu za baba, halafu sisi watoto, na mama mmoja mzee akapita na wembe na sabuni. Nywele zote ziliangukia kwenye ungo mmoja, za mama, za baba mdogo, zangu, zikachanganyika na povu. Kisha zikapelekwa migombani. Nilimfuata aliyebeba ungo. Nikamwuliza senge Rosa, dada ya baba, zinaenda wapi.

"Zinaenda kwa baba yako," akasema.

Hilo nalo nikalichukua hivyo hivyo.

Kisha wazee wakaagiza vitu vya marehemu viletwe vigawanywe. Mama aliingia nyumbani kuvitoa, kichwa chake cheupe kimebaki na povu nyuma ya sikio. Alileta koti, akaliweka kwenye mkeka. Akaleta kofia. Akarudi kuchukua saa, akakawia. Wazee wakatazamana. Senge Rosa, ambaye alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto, akapaaza:

"Mke wa ndugu yangu! Hiyo saa unaitengeneza huko au unaileta?"

Watu wakacheka kidogo, vile watu wanavyocheka matangani. Mama akatoka na saa mkononi. Koti likapewa mzee mmoja. Kofia ikapewa binamu yangu mkubwa, akaivaa ikateleza mpaka machoni. Ndani yake ilikuwa laini na ya kung'aa kama ngozi ya kiatu. Saa wakampa Ambani, mdogo wake baba. Mzee mmoja akasema, "Anayevaa saa hii ndiye atakayeangalia nyumba hii."

Nyinyi mnajua maana yake. Vijana wakitaka kujua wawaulize. Mahindi yakishavunwa, Ambani angeingia nyumba ya mama, na mimi ningemwita baba. Mama aliulizwa kama amesikia. Akasema, "Nimesikia." Kwetu hiyo ilihesabiwa kuwa ndiyo.

Mimi nilifurahi. Lazima niseme hivyo, kwa sababu ndicho kinachonisumbua mpaka leo. Ambani alikuwa kijana bado, hana mke, alikata miwa upande wa Mayoni, na kila alipokuja aliniletea kipande cha muwa alichokwisha kukimenya kwa panga, ili nisiumie meno. Alinibeba mabegani. Aliwahi kupanda juu ya paa letu mvua ikinyesha kuziba tundu, mama akimwambia shuka, naye akisema, "Shemeji, nikishuka mtalala kwenye ziwa." Kama kuna mtu alistahili roho ya baba mkononi, nilimwona ni yeye.

Lakini saa ilikataa. Ambani aliivaa, akaitia ufunguo mbele ya wazee, ikatembea. Alipofika kwake ikasimama. Akaitikisa, ikatembea, ikasimama. Kesho yake akaja nayo kwetu asubuhi, amekunja uso. Senge Rosa alikuwa bado hajarudi kwa mume wake, kwa hiyo habari haikuhitaji kutembea mbali.

"Ndugu yangu amekataa," akasema.

"Dada, saa ni chuma."

"Chuma cha nani?"

"Chuma kinaingia vumbi."

"Akiwa hai ilikuwa ikitembea na vumbi lake. Wewe umeivaa, imesimama. Mimi nimesema nini? Nimesema nilichoona."

Maneno hayo yalizunguka mpaka yakafika kwa wazee. Nao hawakutaka kuamua juu ya kitu ambacho kingewarudia. Wakasema saa ipelekwe kwa fundi mjini. Ikitengenezeka ikatembea, basi ilikuwa vumbi, na mambo yaendelee vile yalivyosemwa siku ya kunyoa. Ikishindikana, basi mwenyewe amekataa, na mtu yeyote asimwulize mjane huyu tena habari ya kurithiwa. Senge Rosa akaongeza lake: waende wote wawili, Ambani na mama, saa ifunguliwe wakiona wote, isije ikasemwa kwamba fundi amefundishwa maneno.

Na kwa vile mjane wa juzi hawezi kutembea barabarani na mwanamume peke yao, nikapelekwa mimi niwe katikati.

Tulitoka Lubao asubuhi, umande ukiwa bado kwenye nyasi. Ambani mbele, mimi nyuma yake, mama nyuma yangu. Mimi nilikuwa ukuta. Hakuna aliyezungumza isipokuwa Ambani, ambaye kila baada ya muda aligeuka akasema na mimi maneno ambayo hata mtoto alijua si yangu. "Umechoka?" "Jua si kali?" "Miguu haiumi?" Nikajibu haiumi. Nyuma yangu, ile leso mpya mama aliyofunga kichwani ilikuwa imeshuka mpaka kwenye nyusi.

Nami njia yote nilikuwa nikifikiri. Saa ikitembea, Ambani atakuwa wetu. Lakini saa isipotembea ni kwa sababu baba anashika magurudumu kwa mkono wake, na kama anashika, basi yuko. Ikitembea ameachilia. Akiachilia anaenda wapi? Nilitaka itembee na nilitaka isitembee. Tumbo langu likawa na vitu viwili vinavyovutana, na mtoto hana jina la kitu hicho, anaita njaa.

Fundi alikuwa Mzee Shabani, mtu wa Mumias, ambaye alikalia baraza la duka la nguo pale mjini. Alikuwa na kimeza chenye kisanduku cha kioo juu yake, na nguzo mbili nene za baraza zilimkinga upepo huku na huku. Alitusalimia kwa salamu zao za Waislamu, sisi tukajibu mulembe, akacheka, akasema zote ni amani. Akaichukua saa, akaiweka sikioni.

"Umeoga nayo?"

"Sijaoga nayo," Ambani akasema.

"Umepiga mtu nayo?"

"Mzee, mimi si mtu wa kupiga."

"Wote husema hivyo. Saa ndiyo hunieleza." Akaigeuza. "Ah. Na huyu anayefungua kwa kisu cha nyama ni nani?"

"Marehemu kaka yangu. Alikuwa akipenda kuangalia ndani."

Mzee Shabani akaweka kioo chake kwenye jicho, kile kifupi kama kizibo cha chupa, akafungua mgongo. Mimi nikaziba mdomo kwa mikono miwili. Nilifundishwa hivyo.

Alikuwa mtu wa kusema anachofanya, nadhani kwa sababu watu wengi waliogopa fundi asiwaibie vyuma vya ndani. Alisema springi ina nguvu, ufunguo umejaa, kwa hiyo ugonjwa si njaa. Roho inacheza vizuri ikisukumwa kwa unyoya, kwa hiyo ugonjwa si roho. Nguvu inatoka kwenye springi, inapita kwenye magurudumu, gurudumu hili linamsukuma huyu, huyu anamsukuma yule, mpaka ifike kwenye roho. "Katikati hapa," akasema, akionyesha kwa kikoleo, "kuna mahali panashika. Tutatafuta."

Kwanza akapunguza nguvu ya springi polepole, asije akaumiza meno. Halafu akafungua parafujo moja ndogo, akashika kile kinachocheza, akakitoa.

Nilipiga kelele. Sikujua kama ni mimi. Mama alinishika bega. Fundi akashtuka, mkono juu, na pale kwenye ncha ya kikoleo roho ya baba ikaning'inia ikitetemeka, halafu ikatulia kabisa.

"Huyu mtoto ana nini?"

"Njaa," Ambani akasema haraka. "Tumetoka bila kula." Akachuchumaa mbele yangu akanipangusa uso kwa kiganja. "Nyamaza. Nakuletea mandazi. Unasikia harufu? Yule mama anakaanga pale chini. Nyamaza, narudi sasa hivi."

Akaenda. Senge Rosa alikuwa amesema waone wote wawili, lakini mimi nilikuwa nalia.

Mzee Shabani aliweka kile kitu kwenye karatasi nyeupe, akakifunika na bilauri. Mimi nikahamia mbele ya bilauri nikailinda. Yeye akaendelea. Akatoa kile kiuma kidogo kinachokaa kati ya roho na magurudumu. Sasa, akasema, hakuna kitu cha kuyazuia. Nikitia ufunguo kidogo tu, yanatakiwa yakimbie yote mpaka yachoke, na yakichoka yarudi nyuma kidogo kama mtu aliyekaa. Akatia. Magurudumu yakakimbia, yakashika. Akayasukuma, yakakimbia, yakashika. Akachukua wino kwa ncha ya sindano akatia tone kwenye jino moja. Akatia ufunguo tena. Tone likazunguka likafika mahali likasimama. Tena. Likasimama pale pale.

"Umeona, mama? Kama ingekuwa mafuta yameganda, ingeshika popote. Hii ina mahali pake."

Mama akasogea karibu na kimeza.

Akalifungua lile bamba la shaba linaloshikilia magurudumu kwa juu, akayatoa yote, akayapanga kama mbegu. Akarudisha moja, akafunga, akalizungusha: likazunguka. Akalitoa, akarudisha la pili: likazunguka. Halafu yale mawili pamoja: yakashika. Akayageuza kwenye mwanga. Akasogeza uso mpaka kioo cha jicho kikakaribia kugusa shaba.

Kisha akavuta kitu kwa kikoleo, taratibu, kutoka kwenye shina la gurudumu, kati ya meno. Akakiweka kwenye karatasi.

Ulikuwa unywele. Mfupi, mweusi, umejikunja, na kwenye ncha yake moja kulikuwa na kitu cheupe kilichokauka. Mzee Shabani akaunusa. "Sabuni," akasema.

Sasa nisikilizeni. Mimi nilielewa mara moja, nikajiona nina akili kuliko wote. Nywele zetu zilipelekwa kwa baba, senge alisema. Baba amezipokea. Sasa amejibu. Amechukua unywele wake mwenyewe, kichwani mwake, chini ya kofia, akauweka kwenye magurudumu. Nilimtazama mama ili tufurahi pamoja.

Mama alikuwa akitazama unywele kama mtu anavyotazama deni.

Mzee Shabani aliinua kioo kutoka kwenye jicho. Akaitazama leso ya mama, ile iliyoshuka mpaka kwenye nyusi. Akatazama upande alikoenda Ambani.

"Yule bwana ni nani wako?"

"Ndugu ya mume wangu."

"Na mume?"

"Tumemzika."

"Pole." Akayarudisha magurudumu yote mahali pake, akafunga bamba, akatia ufunguo kidogo. Yakakimbia bila kushika, yakalia kama nzi aliyefungwa kwenye chupa, na mwisho yakarudi nyuma kidogo, kama alivyosema, kama mtu aliyekaa. "Imepona," akasema.

"Rudisha," mama akasema.

"Nini?"

"Ulichotoa. Rudisha pale ulipokitoa."

"Mama, kazi yangu mimi ni kutoa."

"Nimesikia. Rudisha."

Sauti yake ilikuwa ile ya kila siku, ile ya kuniambia nilete maji. Mzee Shabani alimwomba Mungu wake msamaha chini chini. Akamtazama tena. Hakuuliza kama yule bwana ni mkali, hakuuliza kama ni mlevi. Akafungua lile bamba upya, akauokota ule unywele kwa kikoleo na kuulaza kati ya meno, polepole zaidi kuliko alivyoutoa. Akafunga, akarudisha kiuma, akainua bilauri yangu akarudisha roho, akatia ufunguo kidogo. Ikacheza. Huku na huku. Halafu ikasimama.

Akafunga mgongo, na wakati ule ule Ambani akatokea upande wa nguzo, ameshika mandazi kwenye karatasi ya gazeti.

"Vipi, Mzee?"

Mzee Shabani alipangusa mikono muda mrefu kwa kitambaa chenye petroli. "Bwana, nimejaribu gurudumu moja moja. Likiwa peke yake, linazunguka. Yakikaa pamoja, yanashikana. Mimi sina la kuongeza."

Ambani akasimama. Nilisubiri abishane, aseme chuma, aseme vumbi. Hakusema. Aliichukua saa, na badala ya kuivaa akampa mama kwa mikono miwili, vile tunavyompa mtu mkubwa.

"Kaa nayo, shemeji," akasema. "Ni ya nyumba yako."

Akanipa mandazi. Nakumbuka nilishangaa, katikati ya hayo yote, kwa sababu yule mama alikuwa akikaanga pale pale chini ya ngazi, mafuta yakilia, harufu ikitupiga usoni, na mandazi yalikuwa baridi.

Tulirudi kwa mpangilio ule ule. Senge Rosa alitupokea njiani, akaona mkono wa Ambani hauna kitu, akapiga kofi moja, akasema, "Si nilisema?" Mambo yakaisha. Wazee hawakumwuliza mama tena. Alilima mwenyewe, akanilea mwenyewe, akalala mwenyewe mpaka akazeeka. Ambani baadaye alioa msichana wa upande wa Mukumu, akazaa, akajenga. Lakini paa letu likivuja ni yeye aliyepanda. Hakuingia ndani. Alishuka, akanawa mikono nje, akanywa uji akiwa amesimama, akaenda. Nilimwita baba mdogo maisha yangu yote. Kila nikisema "mdogo" nilisikia kuna neno limepunguzwa.

Nami niliishi na siri yangu. Baba alikuwa amejibu. Nilipoolewa, nilipozaa, nami nilipofiwa na mume wangu na watu wakaja na maneno yao ya kurithiwa, nilikuwa nikijiambia: baba alijibu, na mume wangu atajibu. Nilisubiri ishara. Nilisubiri kama mjinga. Hakuna saa iliyosimama, hakuna chungu kilichopasuka. Nikaamua mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikakataa, nikagombana na ukoo mzima. Nikamkasirikia marehemu kwa kuniachia kazi ile.

Hasira hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa mama. Alikuwa mzee tayari, tumekaa nje tunachambua mrenda, majani mazuri huku, vijiti huku. Nikamwambia: mama, mimi niliona. Niliona baba alivyotuma unywele wake kwenye saa. Kwa nini baba alikusaidia wewe, na mume wangu mimi akanyamaza?

Mama aliacha kuchambua. Alinitazama kwa muda, kama anatafuta ni mtoto wa nani huyu.

"Baba yako alikuwa na kipara," akasema. "Alinioa nacho."

Akaendelea kuchambua.

Mimi nilikaa na jani mkononi. Kofia isiyovuliwa hata akila. Kofia iliyong'aa ndani kama ngozi ya kiatu. Povu nyuma ya sikio, na kukawia kwake ndani ya nyumba, na kisu kidogo cha jikoni. Vyote nilivyoviona kwa macho yangu vikainuka vikakaa mahali pengine. Wakati ule nilikuwa mama wa watu wazima, na nilikuwa bado ninamtafuta baba ndani ya unywele wa mama.

"Ambani alikukosea nini?" nikauliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Hakunikosea."

"Alikuwa mtu mzuri."

"Alikuwa mzuri. Sikumtaka. Ningewaambia wazee simtaki, wangeniuliza ana ubaya gani, na mimi sikuwa na ubaya wa kuwaonyesha." Akanisukumia ungo. "Mboga yako imejaa vijiti."

Hayo ndiyo yote aliyowahi kusema. Tulimzika akiwa na maneno yake. Nami nikabaki nimechanganyikiwa kuliko mwanzo, maana sasa nilimhurumia Ambani. Nilimwona ni mtu aliyedanganywa kwa unywele, akaacha nyumba aliyoitaka, halafu akaendelea kupanda paa lake kila mvua kama mtumishi. Nilipokutana naye sikuweza kumtazama vizuri.

Sasa mwezi uliopita, kabla hajafa, nilimpelekea uji. Alikuwa amelala upande, mwepesi kama ganda la mahindi, lakini akili yake ilikuwa kamili. Nikamnyanyua anywe. Akanywa, akapumzika, akasema:

"Unakumbuka yale mandazi?"

"Ya siku ya fundi? Nakumbuka. Yalikuwa baridi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Uliyala na ukakunja uso. Lakini niliyachukua yakitoka kwenye mafuta. Yalinichoma vidole."

"Basi yalipoa wapi, baba mdogo?"

Alifumba macho. Nikadhani amelala.

"Nyuma ya nguzo," akasema.

Sikumwuliza tena. Alikuwa amerudi mapema, kumbe, akamsikia mama akisema rudisha. Akasimama pale nyuma ya nguzo na mandazi yanayomchoma, akangoja mpaka fundi amalize kufunga.

Sijui alifikiri nini pale. Sijui kama mama alijua. Wote wawili wamelala sasa, kila mmoja kwenye boma lake, na ukuta wa katikati ni mimi bado. Mjukuu wangu amerudi tena kwenye ule mkebe leo asubuhi. Anasema kukhu, niruhusu niipeleke, ni kitu kidogo tu kinashika huko ndani.

Nimemwambia najua.